Bure, Huru na Huria: Safari ya Neno Moja la Kompyuta

Miongoni mwa maswali yanayoletwa katika ofisi za istilahi, yapo yaonekanayo madogo ambayo, yakichunguzwa, hukutwa yana mambo makubwa ndani yake. Mojawapo ni hili: zile programu za kompyuta ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia mwenzake, kama vile Linux na jamii yake, ziitweje kwa Kiswahili? Wako wanaoziita programu za bure, wako wanaoziita programu huru, na wako waziitao programu huria. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno hayo matatu, na kuonyesha kwamba maoni ya watumiaji wa kawaida juu ya programu hizo, mazuri na mabaya, aghalabu yametokana na neno walilolisikia kwanza kuliko chombo chenyewe.

Hatuzungumzi kama watazamaji tu. Sisi wenyewe tulichangia kosa, nalo tutalieleza mahali pake.

Yafaa kwanza kukumbusha jinsi kompyuta zilivyoingia kwetu. Kwa upande wa Tanzania, kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, nayo ilikuwa mashine ya kufanyia hesabu za Serikali. Mambo hayakwenda vizuri. Baada ya mfumo wa hesabu ulioendeshwa kwa kompyuta kuvurugika, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini mwaka 1974, na marufuku hiyo ikaja kulegezwa polepole katika miaka ya 1980. Baraza la Kiswahili la Taifa lilikuwa limekwisha kuundwa kwa sheria mwaka 1967, na katika miaka hiyohiyo ya 1970 lilikuwa limeanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kwa hiyo, wakati kazi ya kuunda istilahi ilipopamba moto, kompyuta yenyewe ilikuwa kitu ambacho raia wengi hawajakitia machoni. Aliyeunda neno hakuwa na mtumiaji wa kumkosoa.

Maneno kama ngamizi na tarakilishi yana sura ya maneno yaliyozaliwa mezani. Tarakilishi, kwa maelezo ya walio wengi, limeunganishwa kutoka katika tarakimu na akili, na shule za Kenya zimelilea vizuri hata likawa neno la kila siku la wanafunzi. Upande wa Tanzania watu walikwenda na kompyuta, wala hakuna waraka uliowarudisha nyuma. Hatuoni haja ya kuufufua ugomvi huo hapa.

Linalotuvutia zaidi ni kundi jingine la maneno, yale yaliyokubalika pasipo kusukumwa. Mtu asema amepakua wimbo au amepakia picha, wala hahisi kwamba anatumia istilahi. Kupakia na kupakua ni kazi za bandarini, shehena ikiingia na kutoka chomboni. Na kupakua ni kazi ya jikoni pia, chakula kikitoka chunguni kwenda sahanini. Kivinjari kimetokana na kuvinjari, yaani kuzungukazunguka baharini au mahali kwa kuchungulia yaliyopo. Mtandao umetokana na kutanda. Maunzi, neno la vifaa vya kompyuta vinavyoshikika, lina nasaba na kuunda, kitenzi cha mafundi wa majahazi, ingawa muuzaji wa kompyuta za mtumba pale Kariakoo hulipita neno hilo na kusema vifaa tu, na mnunuzi akamwelewa. Maneno ya kundi hili yalikuwa na kazi kabla ya kompyuta kuja. Yaliongezewa kazi ya pili, basi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Bure nalo ni neno lililokuwa na kazi tangu zamani, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu kazi zake ni mbili na hazipatani. Kwanza lina maana ya kutolipiwa: dawa za bure, usafiri wa bure. Pili lina maana ya kukosa faida: amejisumbua bure, amekufa bure, mtu huyu ni bure kabisa. Mswahili asikiapo bure, masikio yake husikia maana zote mbili kwa pamoja, na mara nyingi ile ya pili huitia doa ya kwanza. Huenda wasomaji wanakumbuka kwamba ada zilipoondolewa katika shule za Serikali za Tanzania kuanzia Januari 2016, watu mitaani walisema elimu bure, lakini nyaraka za Serikali zilishika elimu bila malipo. Sisi hatudhani kwamba huo ulikuwa urasimu mtupu. Aliyeandika bila malipo alikuwa amesikia kitu katika neno lile jingine.

Waingereza nao walikumbwa na tatizo kama hilo katika neno lao 'free', ila kwa namna tofauti. Neno hilo hubeba maana ya kutolipiwa na maana ya kuwa huru, bila ya kuzitenga. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alipotangaza mradi wake wa GNU, alikusudia uhuru wa mtumiaji: uhuru wa kuiendesha programu kwa shughuli yoyote, wa kuisoma ilivyoandikwa ndani, wa kuigawa, na wa kuibadili. Bei haikuwa hoja yake; hata kuuza aliruhusu. Lakini wengi walisikia habari ya bei tu. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, akatoa kiini cha mfumo wake ulioitwa Linux, na mwaka 1992 akakiweka chini ya leseni ya GNU, kiini hicho kikaungana na vifaa vilivyokwisha kuandikwa na kundi la Stallman. Kazi ikakua sana, na suitafahamu ya neno ikakua pamoja nayo. Mwezi wa Februari 1998 baadhi ya wahusika walikutana Palo Alto, Marekani, wakaamua kuliacha neno 'free' na kutumia istilahi mpya yenye maana ya chanzo kilicho wazi, ili wenye makampuni wasitishike. Stallman hakukubali, kwake uhuru ulikuwa ndio roho ya jambo. Wafaransa walitazama ugomvi huo kwa mbali, maana wana neno moja la kutolipiwa na jingine la uhuru, wakachukua la pili wakaendelea na kazi.

Kiswahili kilikuwa na bahati ileile ya Kifaransa. Tuna bure na tuna huru, na hakuna mtoto anayeyachanganya. Jambo la kusikitisha ni kwamba wafasiri wengi, nasi tukiwamo, hatukutazama katika lugha yetu bali tulitazama katika neno la Kiingereza, tukaipata maana yake iliyo karibu zaidi, tukaandika bure.

Kosa letu lilikuwa hivi. Miaka kadhaa iliyopita tuliletewa mwongozo wa matumizi ya kompyuta katika vituo vya mafunzo ya walimu, tuufasiri. Ulipendekeza Linux na programu za ofisi za aina yake. Tukaandika programu za bure kila mahali, tukiamini kwamba tunawarahisishia wasomaji. Mwongozo ulipofika mbele ya kamati ya ununuzi ya kituo kimojawapo, kifungu chote kilipigwa mstari. Hoja ya wajumbe ilikuwa rahisi: kitu cha bure hakina mwenyewe, hakina dhamana, tena hakina safu katika fomu ya zabuni. Kompyuta zikatiwa nakala za magendo za programu za kulipiwa, bila mtu kuona kwamba hizo ndizo zilizokuwa hazina dhamana. Walimu walipofika kwa kozi, baadhi yao wakiwa wamesafiri siku nzima kwa basi, mashine zilikuwa zimejaa virusi, nyingine haziwaki. Mwalimu mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alipotukuta katika semina baadaye alituambia kwa upole, "Ndugu zangu, ninyi mliandika bure, nasi tukaenda bure."

Hatukuwa na la kumjibu.

Jambo la nakala za magendo linastahili kutazamwa kidogo, maana ndilo linaloeleza kwa nini neno bure lilikuwa dhaifu hata pale lisipodharauliwa. Katika miji yetu, kwa miaka mingi, mtu wa kawaida aliyenunua kompyuta ya mtumba hakulipia Windows. Fundi alimtilia nakala, malipo yakawa ya kazi ya fundi. Kwa mtu huyo Windows ilikuwa bure na Linux ilikuwa bure; tofauti aliyoiona ni kwamba moja aliizoea na nyingine hakuizoea. Kumwambia achague Linux kwa kuwa ni ya bure ni sawa na kumwambia achague kisima kimoja kati ya viwili kwa kuwa maji yake hayauzwi. Alikuwa hajaambiwa habari ya ruhusa. Kati ya vitu viwili asivyolipia, kimoja alikuwa nacho kwa haki na kingine kwa kificho, na neno tulilompa lilizificha tofauti hizo zote mbili chini ya bei.

Chanzo wazi, tafsiri ya ile istilahi ya mwaka 1998, ilipata mkosi wa namna yake. Wazi ni mlango usiofungwa, na ni nyumba iliyoachwa bila mlinzi. Tumewasikia maofisa wakiuliza, kwa nia njema kabisa, kama programu ni ya chanzo wazi, je, nyaraka za ofisi hazitasomwa na kila mtu? Jibu la wataalamu ni kwamba kilicho wazi ni maandishi ya programu, si nyaraka za mtumiaji, na kwamba maandishi yanayoweza kukaguliwa na wengi yana nafasi kubwa zaidi ya kuonekana kasoro zake. Jibu hilo ni sahihi. Lakini istilahi inayohitaji kutetewa kila inapotamkwa ina kasoro, hata kama tafsiri yake haina kosa.

Basi huru au huria? Maneno haya ni ndugu. Asili yake ni Kiarabu, mzizi mmoja. Matumizi ndiyo yaliyoyatenga. Huru husemwa juu ya mwenye uhuru: mtu huru, nchi huru. Tukisema programu huru twaufanya uhuru kuwa mali ya programu, kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokombolewa, hali aliyekusudiwa ni mtumiaji. Huria husemwa juu ya kitu ambacho watu wamefunguliwa njia ya kukiingia au kukitumia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria mwaka 1992, na kila mtumishi wa Serikali aliyejiendeleza humo akiwa kazini anajua maana ya huria: masomo yana ada, yana mitihani, yana kanuni kali, ila mlango haukufungwa kwa aliye mbali na jiji au aliye na kazi. Hatujui mfano bora kuliko huu wa kumfafanulia mtu programu huria. Leseni ipo, na masharti yapo, lakini mlango umefunguliwa.

Wapo waliolipinga huria kwa sababu ya soko huria. Katika miaka ya 1980, masharti ya biashara yalipolegezwa, maneno hayo yalienea sana, na kwa waliopoteza kazi au kuona bei zikipanda yalisikika kama soko holela. Pingamizi hilo ni la haki, wala hatulipuuzi. Hata hivyo twaona kwamba kizazi cha leo kimekulia katika soko hilo, na neno halimuumi tena kama lilivyowauma wazee wake. Wakati bure litaendelea kubeba hasara yake maadamu watu wanaendelea kujisumbua bure.

Ushahidi mzito wa kuchagua huria hautoki katika kamusi. Unatoka katika kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko, kwa ushirikiano na wataalamu kutoka Sweden, uliendeshwa mradi ulioitwa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi zenye menyu na maelezo yake kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili kwa programu zake za ofisi, kwa kushirikiana na wanaisimu wa Afrika Mashariki. Kazi zote mbili zilikuwa na manufaa. Lakini zitazameni zilivyopatikana. Ya pili ilisubiri uamuzi wa mwenye mali. Ya kwanza haikumsubiri mtu: leseni ilikwisha kusema kwamba kila anayetaka kubadili abadili, na kuongeza lugha ni kubadili. Lugha yenye wasemaji wachache, isiyo na soko la kumvutia mwenye kampuni, ina njia moja tu ya kuingia katika kompyuta bila ya kubisha hodi, nayo ni hiyo. Mtu akiiita njia hiyo ya bure, ametaja bei yake akaacha kuitaja njia yenyewe.

Mwaka huohuo wa 2004, mwezi wa Oktoba, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Linux uitwao Ubuntu. Jina hilo la lugha za Kinguni halihitaji mfasiri kwetu: umuntu ni mtu, na ubuntu ni utu. Kuanzia 2005 hadi 2011 waandaaji wake walimpelekea yeyote aliyeomba diski ya mfumo huo kwa posta, bila malipo hata ya stempu. Baadhi ya waliozipokea walizitia shaka. Kitu kinachosafirishwa toka ng'ambo bure, kina nini ndani? Twasisitiza kwamba shaka hiyo haikutokana na ujinga. Mtu aliyefundishwa na maisha kwamba mgeni haleti zawadi bila sababu, akapewa neno bure badala ya maelezo ya leseni, hana budi kuuliza.

Kuhusu maneno ya ndani ya mfumo wenyewe tutasema machache. Kiini, kwa ile sehemu ya katikati inayoongoza vifaa, ni neno zuri, na ganda, kwa ile sehemu inayopokea amri za mtumiaji, linalifuata vizuri, kwa kuwa yai lina vyote viwili. Wengine wamemwita mtumiaji mwenye mamlaka yote mzizi, wakilifuata neno la Kiingereza. Hilo tunalikataa. Mzizi kwa Mswahili ni wa mti au wa mganga. Msimamizi mkuu yatosha. Kifurushi kwa fungu la programu lilikuwa chaguo zuri hadi makampuni ya simu yalipolichukua kwa muda wa maongezi na data, na sasa mwanafunzi anayeambiwa asakinishe kifurushi hutazama salio lake kwanza.

Simu hizohizo zimeleta kichekesho kingine. Mtu atasema Linux ni ya wataalamu, ngumu, ya skrini nyeusi na maandishi, naye ayasema hayo akiwa ameshika simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux. Maoni yake si juu ya Linux. Ni juu ya jina.

Na katika majukwaa ya mtandaoni ndiko bure lilikofanya kazi yake ya mwisho. Facebook ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2009. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilileta mpango wa Internet.org, ukaanza Zambia, kisha Tanzania na Kenya, ambamo mtu aliweza kufungua kurasa chache zilizochaguliwa bila kukatwa salio. Hiyo ilikuwa bure kwa maana halisi ya kutolipiwa, nayo haikuwa huria hata kidogo, maana aliyechagua kurasa si msomaji. Kinyume chake, kampuni ya Red Hat imejipatia utajiri kwa kuuza huduma za programu huria. Kitu chaweza kuwa bure bila kuwa huria, na huria bila kuwa bure. Mwalimu anayetaka kuwafafanulia wanafunzi maneno haya mawili hahitaji mifano zaidi ya hiyo.

Ule mwongozo tuliurudia. Kila palipokuwa na programu za bure tuliandika programu huria, na katika jedwali la zabuni, badala ya kuacha safu ya bei tupu, tulishauri iandikwe: ada ya leseni, hakuna, gharama ya mafunzo na matengenezo, itajwe. Kamati haikukipiga mstari kifungu hicho mara hii. Ilikirudisha na swali moja, lililoandikwa kwa kalamu pembeni: nani atakayetengeneza zikiharibika, na atalipwa shilingi ngapi?

Tumelipeleka swali hilo kwa wanaohusika.